Mwaka Tulioziba Bomba

Sanduku la marehemu Tatu Mkwanda lilifunguliwa baada ya hitima, chumbani mwake, mlango umerudishwa ili wanaume waliokaa nje chini ya turubai wasisikie tunavyobishana. Ndivyo ilivyo kwetu, mtu akishazikwa nguo zake zinagawiwa, asibaki mtu na kinyongo. Binti yake mkubwa, Mwajuma, alikuwa anatoa kanga doti baada ya doti na kuzipanga mkekani, hii ya shangazi, hii ya mama mdogo, hii ya jirani aliyemwuguza. Chini kabisa, penye karafuu na gazeti lililotafunwa na mende, akaibuka na upande mmoja wa kisutu, ile kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe isiyoandikwa jina, anayovikwa mwali na bibi harusi. Upande mmoja tu. Akaukung'uta, akapekua sanduku mpaka kwenye mbao, patupu. "Mama Siwema," akaniita, maana mie kwake ni mama, "hii mwenzake iko wapi? Marehemu hakuwaga mtu wa kuvaa nusu doti." Wifi yake Rukia, ambaye ni mtani wangu hata msibani, akadakia: "Itakuwa ilibaki kwa bwana." Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mie nikacheka mpaka nikashika ukuta, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Nikawaambia, mwenzake iko kwenye bomba la kiwanda. Wakatazamana kama watu wanaoona mzee wao ameanza kupotea. Sijapotea. Ile siku niliwaeleza kwa mdomo, nusu wakasikia na nusu wakaitwa kuosha vyombo. Leo naandika, ili asije mtu akasema Siwema alikuwa anaweweseka msibani.

Ya nilikozaliwa na nani alimzaa nani nayaacha, hayatusaidii hapa. Shule niliishia darasa la nne, mengine nimeyaokota ukubwani, lakini majina ya watu hayajanitoka mpaka leo, wazima na waliokufa. Mwaka ninaousema ni ule mie na Tatu tulipotolewa nje tukiwa wali, mabinti waliovunja ungo wakawekwa ndani kufundwa. Tulikuwa tunakaa bondeni, Temeke, upande wa kuelekea Mbagala, enzi hizo sabuni ni ya foleni, tunafulia majani ya mpapai, na unga ni ule wa njano tuliouita yanga. Bondeni ulipita mto tukiuita Mgude. Siyo mto wa kutajwa redioni, kiangazi mtu mwenye miguu mirefu anauruka. Lakini ndio ulionywesha mchicha wetu, ndimo tulimofulia, na ndiko alikopelekwa mwali siku ya kutoka. Juu yetu kilikuwapo kiwanda cha nguo, na bomba lake lilipita chini ya ukuta na kumwaga mtoni. Tulilizoea. Kina mama walikuwa na mzaha wao: mto ukiwa mwekundu, mmoja anapiga kelele toka kwenye tuta lake la mchicha, "Jamani, jipangeni, kanga nyekundu zinakuja duka la kaya!" Ukiwa wa buluu, wanasema safari hii vitenge. Na mara nyingi walipatia. Ukiniuliza leo tulikosea wapi, nitakuambia ni hapo. Mtu kakuletea uchafu wake mlangoni, wewe unausoma kama tangazo la duka.

Somo wetu, kungwi wa kutufunda, alikuwa Bi Mwanjaa Nachundwa, mama wa Lindi, mfupi, sauti yake nzito kama ya mwanamume aliyetoka kulala. Alituweka ndani mie na Tatu katika chumba chake cha nyuma, cha udongo, dirisha limezibwa kwa gunia, kitanda cha kamba kimoja tukilala mzungu wa nne. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba nilizokuja kuzijenga mwenyewe. Harufu yake ilikuwa mafuta ya nazi, moshi wa kuni mbichi, na ukili uliokuwa unachemshwa uani kwenye sufuria za rangi, maana Bi Mwanjaa na majirani zake walikuwa wasukaji wa mikeka. Chakula kilikuja kimefunikwa kawa: bada la muhogo na mchicha wa nazi, siku nyingine mbaazi, siku ya bahati kibua mmoja, sie wawili tukigombania kichwa. Tulifundishwa yale yanayofundishwa ndani, na hayo yatabaki ndani. Lakini ukuta wa udongo hauzuii maneno, na sie tulikuwa na masikio. Tulijua nani kagombana na nani kwenye foleni, nani kaficha sukari chini ya kitanda, na mume wa Bi Asumini Kilindo, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani kwenye matangi ya rangi, alirudi siku gani na mikono ya kijani mpaka viwiko. Tatu hakuwa anaweza kukaa kimya. Bi Mwanjaa akisema mwali haongei ovyo, Tatu anajibu, "Sijaongea somo, nimepumua kwa sauti."

Siku ya kutoka tulipelekwa Mgude alfajiri, kwa ngoma na vigelegele, tumefunikwa. Bi Mwanjaa akaingia nasi majini, akatuosha kwa kata miguu, mikono na vichwa, akatupaka dawa yake ya majani aliyoitwanga wiki nzima, akatusuuza tena. Mto siku ile ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa na povu jembamba pembeni. Nakumbuka mtu alisema povu ni baraka. Tukavikwa kisutu kipya, doti yangu na doti ya Tatu, ambayo mama yake, Bi Zena, aliipata baada ya kulala kwenye foleni ya Tandika. Tukakalishwa mkekani tutuzwe. Jua lilipopanda ndipo ngozi ikaanza. Kwanza muwasho, halafu moto. Mpaka adhuhuri mie na Tatu tulikuwa tumevimba vipele kama watu waliolala kwenye upupu, na nywele za mbele za Tatu zikibaki mkononi akizishika. Ngoma ikanyamaza. Mama Sikudhani, ambaye binti yake ndiye angefuata kuwekwa ndani, alisimama katikati ya uwanja akasema bila kushusha sauti: "Hii ni dawa. Mwanjaa kawapaka watoto wa watu kitu."

Ninyi wa leo hamwezi kujua maneno yale yalikuwa mazito kiasi gani. Somo hana duka wala shamba, kitu alichonacho ni jina lake. Mama anamkabidhi binti yake akiwa mzima, anategemea kumpokea akiwa mzima na ameng'aa. Jina likishaharibika, hata salamu zinakuwa fupi. Wiki zilizofuata nilimwona Bi Mwanjaa akipungua. Waliokuwa wanakuja kusukia uani kwake wakahamisha ukili wao kwa Bi Zena. Watoto wakatumwa kuomba moto nyumba ya mbali ili wasiombe kwake. Mtu mmoja, na jina lake ninalo lakini watoto wake ni wapole kwa hiyo nalimeza, alimwaga majivu mlangoni pake. Na yeye hakujitetea. Alikuja kila siku kutupaka mafuta ya nazi kwenye vidonda, mie na Tatu, akikaa kwenye kigoda kichwa kimeinama, akisema, "Labda nilichanganya. Labda mkono wangu umezeeka." Mpaka leo nikikumbuka sauti ile ikisema "labda" ninapandwa na hasira. Mtu aliyewatoa wali wa bonde zima anajishuku mwenyewe, na aliyemwaga sumu anakunywa chai ofisini.

Aliyefumbua macho yetu ni Tatu, na midomo yake. Siku hiyo Bi Mwanjaa alikuwa anampaka mafuta mgongoni, na sababu ya joto alikuwa amepandisha kanga mpaka magotini. Tatu akainama kutazama miguu ya somo wake. Kuanzia nusu ya muundi kwenda chini ilikuwa inabanduka kama gome la mpera. Mikono ilikuwa laini, haina kitu. Akatazama mikono, akatazama miguu, akauliza: "Somo, ile dawa uliitwanga kwa mikono au kwa miguu?" Bi Mwanjaa akamkunjia uso, akidhani ni utovu wa adabu. "Kwa mikono, mjinga wewe, wiki nzima, umewahi kuona mtu anatwanga kwa miguu?" "Basi mbona mikono mizima?" Niliisikia sufuria ya ukili ikitokota uani. Dawa ilitwangwa kwa maji ya kisima, mikono ikaishika siku zote hizo isidhurike. Miguu haikugusa dawa hata siku moja. Miguu ndiyo iliyosimama mtoni muda wote, mikono ilishika kata. Bi Mwanjaa akainuka, akavuta kanga yake chini, akatoka kama alivyo, bila viatu, akaenda kusimama mbele ya nyumba ya Mama Sikudhani na kupandisha nguo mpaka magotini mchana kweupe. "Njoo uone! Njoo uone dawa yangu ilivyonipanda toka chini!"

Lakini kujua ni kitu kimoja na kusikilizwa ni kingine. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Chande Mponda, alitukaribisha barazani, akatupa mkeka, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu kama anayetufunika blanketi: "Kina mama, kile kiwanda ni mali ya umma. Nyie ndio umma. Sasa mtajishitaki wenyewe?" Akaongeza kwamba redio kila siku inawataja wahujumu uchumi, na yeye hataki nyumba zake kumi zitajwe. Bi Asumini akamwambia, "Basi na maji yake ni mali ya umma, Mzee Chande, nikuletee ndoo ukaoge?" Mzee akacheka, lakini alipocheka alikuwa ametusikia. Akaandika barua kwa watu wa maji. Akaja ofisa, Bwana Lyimo, Mchaga mwembamba, amechomekea, na sanduku la chupa. Alikwenda kiwandani, akatoka, akatuambia maji ni safi. Tukakimbia bombani, kweli, yanatoka meupe kama ya mvua. Akaja tena baada ya muda, safi. Kesho yake, damu. Ndipo mume wa Bi Asumini akasema kwa sauti ya chini, akila ugali wake, kwamba barua ya ofisa hutangulia kiwandani, na siku yenyewe matangi hayaguswi, wanafungulia maji ya kunawia.

Tukamfuata Bwana Lyimo ofisini kwake mjini, mie, Tatu, Bi Mwanjaa na Bi Asumini, na chupa ya maji mekundu tuliyoyakinga wenyewe. Alitupokea kwa heshima, alimwamkia Bi Mwanjaa shikamoo. Aliinua chupa dirishani akaitazama. Halafu akauliza, "Mama zangu, nyie mnasuka mikeka?" Tukasema ndiyo. "Ukili mnautia rangi gani?" Bi Asumini akajibu haraka, nyekundu, zambarau, kijani. Bwana Lyimo akaweka chupa mezani polepole. "Mnaona. Nikiipeleka hii, meneja atasema ni sufuria ya ukili. Na mie sitakuwa na la kumjibu. Sheria ipo, kiwanda kina kibali, na kibali kinasema maji yatoke yakiwa namna gani. Lakini nitakachopima lazima kiwe kimetoka kwao, mbele yao, na wao wamekubali kuwa ni chao." Tatu akamuuliza, "Na barua lazima itangulie?" Akasema, "Mie naingia kwa barua, au kwa kuitwa na wenyewe." Aliyasema hivyo hivyo, akitazama meza. Mpaka leo sijui kama alitupa njia kwa makusudi. Nilimuuliza uzeeni mwake, tulipokutana hospitali tukisubiri dawa, akacheka tu akasema, "Bi Siwema, wewe na kumbukumbu zako."

Tuliporudi, Bi Mwanjaa alikaa kwenye kigoda chake uani, akaomba chai ya rangi, akaimaliza, ndipo akasema: "Watawaita wenyewe." Ikawa hivi. Ijumaa, wakati wa swala, kiwanda kinapumua, matangi yanatulia, na mlinzi wa upande wa mtoni, Mzee Likwena, anakwenda msikitini. Tulishuka bondeni mchana kweupe, kina mama na majembe yetu kama watu wa mchicha, maana ndivyo tulivyokuwa. Nawataja, kwa sababu hakuna mahali pengine walipotajwa: Mwanjaa Nachundwa, Asumini Kilindo, Zena mama wa Tatu, Hadija Mtumbuka, Perpetua aliyekuwa na mume askari magereza, Mama Sikudhani, naam, na yeye alikuja na ndiye aliyebeba gunia zito kuliko wote, na sie wali wawili, Tatu na Siwema. Mdomo wa bomba ulikuwa mpana kama sinia la biriani. Tukashindilia makumbi ya nazi, magunia ya mchanga, udongo wa mfinyanzi ambao Bi Hadija aliukanda kwa miguu kama anayefinyanga chungu. Uzi wa maji ukaendelea kupenya juu, pale kwenye ukingo, na kila udongo tuliotia ulisukumwa. "Kitambaa," Bi Mwanjaa akasema, "kigumu, kipya, kilichochakaa kitachanika." Nani alikuwa na kitambaa kipya mwaka ule? Tulitazamana. Tatu alikuwa amejitanda kisutu chake. Mama yake akafungua mdomo, na mtoto akawa ameshaukunjua upande wa juu, ameuviringisha, ameusokomeza kwenye ule mwanya kwa ngumi. "Mama usilie," akasema, "inarudi kwao tu. Si wao walioitengeneza?"

Uzi ukakatika. Ulikuwa ukimya wa ajabu, mto unapita bila ile sauti ya kumwagika tuliyoizoea kiasi kwamba hatukujua ni sauti. Tukapanda juu ya tuta, tukakaa kwenye mchicha tukang'oa magugu. Swala ikaisha, mashine zikaanza kunguruma, matangi yakafunguliwa. Haikuchukua muda. Kwanza tulisikia kelele za wafanyakazi, halafu kucheka, halafu mtu anaamrisha. Tukasogea kwenye uzio. Uwanja wa kiwanda ulikuwa ziwa la buluu. Maji yalitoka kwenye mifereji yao, yakaingia stoo, yakaingia ofisini, na meneja alikuwa amesimama kwenye ngazi, soksi zimebadilika rangi, anapiga kelele waite polisi, waite watu wa maji, waje waone hujuma. Hakuandika barua. Alipiga simu. Askari alikuja kwa baiskeli, na Bwana Lyimo akaja kwa Landrova ya serikali, sanduku la chupa kwapani.

"Tazama, Bwana Lyimo!" meneja alianza kabla mtu hajashuka. "Tazama walivyonifanyia! Maji yetu yote yamerudi ndani!"

"Maji yenu?" Bwana Lyimo akauliza.

"Yetu! Ya matangi ya rangi! Yalitakiwa yawe yameshatoka!"

"Yatoke yaende wapi?"

Toka kwenye uzio Bi Asumini akamjibia meneja: "Kwangu! Yaende kwangu, kwenye mchicha! Mwambie, baba!" Wafanyakazi wakacheka, mume wake akageukia ukutani. Bwana Lyimo akachuchumaa, akazamisha chupa moja, akazamisha ya pili, akaziinua juani. Akamgeukia meneja, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Meneja, mbele ya askari huyu nakuuliza, ili nisije kukosea kwenye taarifa yangu. Maji haya ni ya kiwanda, au ni ya sufuria ya ukili?" Nilimwona meneja akitafuta mahali pa kuweka macho. Akasema ni ya kiwanda. "Ya kiwanda," Bwana Lyimo akarudia, akaandika.

Bi Mwanjaa walimchukua, ndiyo. Meneja aliuliza nani kaliziba bomba lake, na yeye akajibu, "Kumbe lina mwenyewe? Siku zote tunauliza ni la nani." Wakampeleka kituoni, akakalishwa kwenye benchi. Tukamfuata wote na ukili wetu, tukakaa chini ya ukuta wa kituo tukasuka, na jioni Bi Zena akaleta sinia la mihogo ya nazi, Bi Mwanjaa akakataa kula mpaka askari wa kaunta amekula naye. Mkuu wa kituo, mtu mnene wa Singida ambaye jina lake lilikuwa Mghenyi, alimwita meneja aandikishe shitaka. "Niandike walizuia nini?" akamuuliza. "Maji." "Maji ya namna gani? Yaliyokuwa yanakwenda wapi? Maana mahakamani wataniuliza." Meneja akasema atarudi na mwanasheria. Hakurudi. Bi Mwanjaa akaachiwa kabla hatujamaliza hata mkeka.

Sitawadanganya kwamba kila mtu alitupigia vigelegele. Idara ya rangi ilifungwa mpaka wachimbe mabwawa ya kutulizia maji, tangi kwa tangi, yatoke yakiwa yanafuata kibali. Ilikuwa miezi. Kanga zikapotea madukani. Kwenye foleni ya Tandika mwanamke mmoja aliniuliza, "Nyie ndio mlioziba bomba?" nikasema ndio sie, akatema mate chini pembeni ya mguu wangu. "Mwanangu anaolewa, atavaa nini, mchicha wenu?" Nikamwambia mchicha haubandui ngozi. Mume wa Bi Asumini alikaa nyumbani bila kazi, akila kimya, akimtazama mkewe kama mtu aliyemkata mguu. Bi Asumini alisema, "Akinuna anune, mchicha unaota, na ndio anaokula." Nasikia watu sasa wanasema ama kiwanda ama mto, mchague. Hilo nililisikia mwaka ule ule, kwa maneno hayo hayo. Mabwawa yalipochimbwa, kiwanda kilifanya kazi, na mto ukapita. Waliosema haiwezekani walikuwa wanasema hawataki.

Na Bi Mwanjaa? Mama Sikudhani alikuja mwenyewe, na kuku, akakaa mlangoni chini kabisa, akasema, "Somo, binti yangu yuko tayari." Bi Mwanjaa alishuka Mgude asubuhi ile na nyingine zilizofuata, akasimama majini miguu mitupu kwa muda mrefu, watu wakienda kazini wakimtazama, akarudi kila mara na kukaa uani miguu juani ili kila mpita njia aione. Ilipokwisha wiki na ngozi ni nzima, akamtuma Tatu kwa Mama Sikudhani: "Mwambie alete binti. Na mwambie kuku nimemla." Mwaka huo ukaisha tukimtoa Sikudhani, mto una rangi ya mto, na Tatu akicheza mbele ya wote amejifunga upande wake mmoja wa kisutu. Alivyotaniwa! Wakamwita Nusu Doti mpaka alipoolewa. Kila aliyemuuliza mwenzake iko wapi alionyeshwa kidole kule juu kiwandani.

Kiwanda kile kilikuja kufa, siyo kwa ajili yetu, kilikufa na vingine vingi. Mabwawa yakafukiwa, yakajengwa nyumba, na wanaoishi humo hawajui wamelala juu ya nini. Bi Mwanjaa alizikwa kwao Lindi, na mwaka huu tumemzika Tatu. Mie nilishahamia Madale kwa mwanangu, kwenye vilima, maji ya boza, nikadhani ya bonde yamekwisha. Lakini jioni ile ya kugawa nguo, kwa Tatu kule kule bondeni, nikiwa nimekaa na ule upande wa kisutu mapajani, maana Mwajuma alikuwa amenipa bila mtu kupinga, kukaingia harufu. Sikuhitaji kuambiwa. Mwajuma akanionyesha kwenye simu: Mgude, upana ule ule wa kuuruka, umejaa povu jeupe mpaka kizingiti cha nyumba ya mtu, na juu yake bati jipya la kiwanda kipya. "Mama alikuwaga anatutumia hizi picha kila wiki," akasema. "Mpaka siku ya mwisho."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwapo msibani, kijana mzuri, shati la kitenge, akaja kunipa pole. "Shikamoo bibi. Usihangaike na hilo, tumeshapiga hatua. Watu wa mazingira wanakuja kupima, wametoa tarehe."

"Marahaba baba. Tarehe wamempa nani?"

"Wametuma barua. Ofisi ya mtaa tunayo nakala, na kiwandani wanayo."

Rukia akanitazama. Mwajuma akanitazama. Wote niliokuwa nimewasimulia walikuwa wamerudi chumbani na mikono yenye mapovu ya sabuni. Nikaukunja upande wa Tatu vizuri, mara mbili, halafu nikauviringisha, nikaupima kwa ngumi. Umekaa sandukuni miaka yote hiyo lakini pamba yake ni ile ya zamani, haijalegea hata uzi.

"Mwanangu," nikamwambia mwenyekiti, "hebu niambie, hilo bomba lao mdomo wake una upana gani?"